Sukari Yenye Taa

Ukipita nyuma ya maabara ya kemia ya chuo kimoja pale mjini Wote, saa zile jua limekaza na hata kuku wamejificha, utaona vichupa vidogo juu ya bati la stoo, vimefungwa kwa uzi visibebwe na upepo. Usiviguse. Ni vya Daktari Mutindi Kitonga, na mama huyu ni mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo. Waliomwona akipanda ngazi na koti lake jeupe walianza zamani kumtania, wakimuuliza anaanika nini huko juu, mihogo au majani ya kunde. Huwajibu kwamba anaanika rangi, anataka kujua ni ipi itavumilia Ukambani.

Rangi zenyewe si za kupaka nyumba wala za kutia katani za kusukia vikapu vya kiondo. Ni rangi ambazo ukizimulika kwa mwanga wa aina moja, zinakurudishia mwanga wa aina nyingine, na watu wa kazi yake huzitumia kuona ndani ya chembe hai mambo ambayo jicho peke yake haliwezi kuyaona. Mutindi amezitengeneza sehemu kubwa ya maisha yake. Amezitengeneza nyekundu, za njano, na moja ya kijani ambayo ndiyo tutakayoizungumzia, kwa sababu ndiyo iliyomnyima usingizi na ndiyo anayoipenda. Mwenyewe hakatai kwamba anaipenda.

Alizaliwa nje kidogo ya Mutomo, kwa Mzee Jonah Kitonga na mama Kavindu, watu wa mbuzi, pojo na kanisa. Katika mji ule palikuwa na duka la Mzee Yarow, aliyetoka kaskazini na kuanza na sukari na majani chai, na juu ya kaunta yake palikaa taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Mutindi alikuwa akitumwa chumvi anakawia. Aliingiza chini ya taa ile kila alichokuwa nacho: kucha zake, soksi za shule, karatasi ya sabuni, na siku moja nge aliyemfungia katika kopo. Soksi ziliwaka samawati. Nge naye akawaka kijani kibichi, mzima mzima, mpaka mkia. Mzee Yarow aliruka nyuma ya magunia, akamfukuza mtoto na kopo lake, kisha akamwita arudi amwone tena. Alipokuwa akienda kusoma ng'ambo, miaka mingi baadaye, mzee yule alimpa taa ile awe nayo.

Lakini si nge aliyemfanya Mutindi kuwa mkemia. Ni kikohozi cha baba yake.

Mwaka aliopata nafasi ya kwenda Uholanzi kusomea shahada ya juu, Mzee Jonah alikuwa amemaliza dawa za kifua kikuu. Alizimeza zote bila kuruka hata siku moja, mke wake akisimama mbele yake kama askari. Hata hivyo bado alikohoa, na makohozi yake yalipopakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya hospitali, vijidudu vilionekana. Alirudi nyumbani amekasirika.

"Nimeuliza hao watu," alimwambia binti yake. "Hao wadudu mmeona ni wazima ama ni wafu? Wanasema hawawezi jua. Eti maiti na mzima wote wanashika rangi sawasawa. Sasa hiyo ni jibu?"

Ilibidi makohozi yapelekwe Nairobi, vijidudu vioteshwe, na watu wangoje wiki kadhaa. Kama kuna kitakachoota, basi ni kizima. Mutindi hangeweza kungoja, ndege yake ilikuwa wiki ile.

Kwa watu wa kwao, mzazi akimtuma mtoto kazi kubwa humtemea mate kidogo kiganjani. Ni unyunyu tu, pamoja na maneno mawili matatu, na mtoto hufumba mkono akaondoka nayo. Mzee Jonah ni mzee wa kanisa na pasta wake hayapendi sana mambo hayo, lakini hakuna mtoto wa ukoo aliyeenda mbali bila mate ya Jonah. Siku ya kuondoka, Mutindi alipiga goti na kunyoosha kiganja. Baba akakirudisha.

"Baba, hii ugonjwa haipiti kwa mkono," Mutindi alisema. "Inapita kwa hewa, mtu akikohoa."

"Hiyo ni sayansi. Mimi naongea baraka. Siwezi temea mtu baraka iko na swali ndani." Kisha, kwa kuwa aliona macho ya binti yamelowa na yeye si mtu wa kuvumilia machozi, akaongeza: "Enda usome. Siku utajua kama ni wazima ama ni wafu, kuja nikupe."

Vijidudu vile havikuota. Mzee alikuwa amepona siku nyingi. Habari zilimfikia Mutindi huko baridini, akalia kwa furaha na hasira pamoja, kwa sababu mate yale yangeweza kabisa kutemwa.

Huko Uholanzi alijifunza kushikiza rangi kwenye vitu vidogo mno. Walimu walimpenda, wakamwomba abaki. Maabara yao ilikuwa na majokofu ya kila aina na rangi zao zilikaa humo zimetulia, maana ziliharibika upesi zikitoka nje. Mutindi alizitazama akawaza hospitali za nyumbani ambako umeme hukatika bila kuaga. Akarudi. Baba alimpokea na mbuzi, na kabla nyama haijaiva akamuuliza, "Umejua? Wazima ama wafu?"

"Bado, Baba."

"Basi baraka ya kazi ingoje."

Tangu hapo ukawa mzaha wa nyumba. Mzee alimbariki siku ya harusi, akabariki watoto wake, akabariki hata pikipiki ya mume wake Nzomo, lakini ile ya kazi aliikalia. Mutindi alicheka na wengine. Moyoni ilimuuma kuliko alivyokubali, na Nzomo peke yake ndiye aliyejua.

Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulifanya. Kijidudu cha kifua kikuu hula sukari fulani ili kujengea ukuta wa mwili wake. Kilicho hai hula, maiti hali. Basi mpe sukari iliyofungwa rangi, na uifanye rangi hiyo ibaki imezimika mpaka ifike ndani ya ukuta ule, ndipo iwake. Wanafunzi wake waliiita sukari yenye taa. Ya kwanza haikuwaka kabisa. Nyingine iliwaka kabla haijaliwa. Ikaja nzuri sana, kijani safi, ila wiki mbili juu ya bati la Wote ilichujuka ikawa kama maji ya kuoshea mchele. Alirekebisha pembe moja ya molekuli, akaanika. Akarekebisha nyingine, akaanika. Kuna mwaka mzima aliodhani amekosea kazi, akafikiria kufuga kuku wa mayai. Kisha moja ikakaa juani tangu kiangazi kuanza hadi mvua, akaitelemsha, akaijaribu, ikawaka kama siku ya kwanza. Alishuka ngazi akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti isiyofaa mbele ya wanafunzi.

Ni wakati huo huo Mzee Jonah aliugua tena.

Safari hii alikuwa mzee kweli. Alimeza dawa akamaliza, na kikohozi kikabaki. Mashine ya kisasa ya hospitali ilisema vijidudu vipo, lakini mashine ile nayo husoma hata mabaki ya maiti, kwa hivyo swali lilikuwa palepale. Mzee akajitenga. Alilala kibanda cha pembeni, akala kwa sahani yake, na kanisani akawa anakaa nje chini ya dirisha, anasikiliza. Hakumtemea mtu mate. Siku Mutindi alipompigia simu, mzee alisema kwa sauti ndogo, bila mzaha: "Mwiitu, binti yangu, hiyo kitu yako ikichelewa sana, mimi sitangoja."

Kwa hivyo utaelewa hali ya mama yule aliposhika barabara ya Kibwezi kwenda Mutomo, na sukari yake kwenye mfuko wa kawaida usio na barafu. Vibali vya utafiti vilikuwa vimepatikana. Wagonjwa kadhaa wa hospitali moja ya huko walikubali kutoa makohozi, na Mzee Jonah alikuwa miongoni mwao. Anayetayarisha vioo alikuwa Nuradin, mtaalamu wa maabara pale, ambaye ni mtoto wa Mzee Yarow wa duka. Angeviwekea namba, na Mutindi asingejua kipi ni cha nani mpaka majibu ya kuotesha yarudi kutoka Nairobi. Kanuni ndiyo hiyo, na ni yeye mwenyewe aliyeiandika.

Alifika Jumapili, maabara imefungwa, akalala kwa wazazi. Asubuhi alipotoka kuoga aliikuta hadubini yake imefutwa vumbi lote la njia na kufunikwa kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono, vile ambavyo mama Kavindu hutandika makochi wageni wakija. Sanduku la vioo lilikuwa limefungwa vizuri kando yake.

"Hauwezi ingia hospitali na kitu chafu hivyo," mama alisema. "Watu watasema mwana wa Kavindu."

Mutindi alimkumbatia, akapakia vitu, akaenda.

Kazi yake ina desturi moja anayowafundisha wanafunzi mpaka wanaiota: kabla ya kioo cha mgonjwa yeyote, tazama kwanza kioo kitupu kilichotiwa rangi peke yake. Hicho hakina kitu, kwa hivyo kinapaswa kuwa giza. Siku ile, Nuradin alipokwisha kupaka makohozi kwenye vioo vya lile sanduku na kumletea trei, mkono wake uliruka kioo kitupu ukachukua kile cha kwanza chenye namba. Haraka yake ilikuwa ya mtoto wa mtu, si ya daktari.

Kiliwaka. Kiliwaka kila upande, madoa na vijinyuzi na ukungu wa mwanga. Akachukua cha pili, kikawaka. Cha tatu vilevile. Kila kioo kilichokuwa kwenye trei kiliwaka, na kama vyote vinawaka, basi na cha baba kimo humo. Aliketi akashika kichwa. Kwa dakika kadhaa aliamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba miaka yote juu ya lile bati imekwenda bure, na kwamba baba yake ana vijidudu hai kifuani. Aliogopa. Nuradin, ambaye hakuwahi kumwona hivyo, aliingia na chai akasimama mlangoni.

"Dokta, ni mbaya?"

"Zote zinawaka, Nuradin. Zote."

"Hata ile empty?"

Mutindi akacheka kidogo kwa aibu, akaweka kioo kitupu chini ya hadubini. Kiliwaka kuliko vyote.

Sasa alitazama vizuri, kama mkemia. Vijidudu vya kifua kikuu ni vijiti vifupi. Hivi vilikuwa nyuzi, na ule ukungu ulielekea zaidi samawati kuliko kijani. Aliijua samawati ile tangu utoto. Akatoa kwenye mkoba taa ya Mzee Yarow, akafunga pazia, akamulika kile kitambaa cha mama alichobeba kimefunika hadubini. Kikang'aa, maua yote ya kushonwa yakionekana moja moja. Sabuni za unga hutiwa kitu kinachowaka, ndiyo maana nguo zikianikwa juani huonekana nyeupe kupita weupe wenyewe. Mutindi hulifundisha somo hilo kila mwaka. Akampigia mama simu nyumbani.

"Mwaitu, kuna kitu ulifanya kwa ile sanduku ya vioo?"

"Nilikuoshea. Zilikuwa na vumbi! Nimeosha moja moja na sabuni ya unga, nikapanguza na kitambaa safi."

"Aiya, Mwaitu."

"Kwani zimevunjika?"

"Hapana. Zinang'aa tu."

"Si nilikuambia," mama Kavindu akasema, ameridhika kabisa. "Mimi nikiosha kitu, kinaonekana."

Nuradin alilazimika kutoka nje kucheka. Alikuwa na pakiti ya vioo vipya kabatini, na makohozi ya wagonjwa yalikuwa yamebaki ya kutosha, kwa hivyo alivaa barakoa akaanza upya. Alasiri Mutindi alikaa tena kwenye kiti. Kioo kitupu kwanza: giza tupu, zuri. Kisha vyenye namba. Vichache vilikuwa na vijiti vya kijani, safi, vimejikusanya viwili viwili na makundi makundi. Vilivyobaki vilikuwa giza. Sukari iliyosafiri na joto lote lile ilifanya kazi yake katika mji wake mwenyewe, na furaha aliyoipata hapo hakuna ambaye angeweza kumnyang'anya. Ila hakujua baba ni kipi. Nuradin alijua, naye alikaza uso akatazama ukutani. Hata Mutindi angejua, rangi bado ilikuwa ya majaribio na haikuwa na ruhusa ya kumwambia mtu amepona. Alirudi Wote kungoja, kama baba alivyongoja zamani.

Kungoja kulimshinda. Aliunguza maharagwe, akasahau jina la mwanafunzi anayemfundisha kwa mwaka wa tatu sasa, akamjibu Nzomo vibaya kuhusu jambo la tangi la maji. Nzomo alimwacha apoe. Siku Nuradin alipopiga simu alikuwa juu ya ngazi anapanga vichupa.

"Dokta, Nairobi wamejibu. Kioo moja tu ndiyo imekataana na wao, hiyo tutarudia. Zingine zote zimekubaliana na rangi yako."

"Na Baba?"

"Hakuna kitu imeota. Na kwa kioo chako alikuwa giza tangu siku ya kwanza. Nilikaribia kupasuka, wallahi."

Mutindi alikaa pale juu ya bati lililochoma, akalia waziwazi, na wanafunzi waliopita wakadhani rangi imemwagika.

Jumamosi iliyofuata alimchukua baba hadi hospitalini. Daktari alimweleza mzee kwamba kikohozi kinatoka kwa makovu ya zamani kifuani na vumbi, na kuna dawa ya kukituliza. Mzee Jonah alisikiliza nusu. Alitaka kuona. Nuradin alimwekea kwanza kioo cha mgonjwa mwingine, akamsaidia kuinama.

"Naona kama vijiti," mzee alisema. "Kijani. Ni hawa?"

"Hao ndio wazima, mzee."

Akabadilisha. Mzee aliinama tena, akakaa sana, akafuta jicho kwa leso, akarudia.

"Sasa hii iko na shida. Sioni kitu."

"Ndiyo hiyo yako, Baba," Mutindi alisema.

Mzee hakuinuka. Aliendelea kutazama lile giza lake, mkono umeshika meza, na Mutindi alimwona mabega yakitikisika, akajua si kikohozi.

Nyumbani mama Kavindu alikuwa amepika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na kuchinja jogoo, na ile sahani ya pembeni ilikuwa tayari imerudishwa kabatini pamoja na nyingine. Mzee aliketi kwenye kochi lake, juu ya kitambaa kinachong'aa, akamwita binti yake.

"Unaenda wapi na hii kazi sasa?"

"Nuu, Baba. Huko Mwingi. Hospitali yao inataka kujaribu."

"Nuu tu? Mimi nilifikiri ni Uholanzi tena. Safari ya Nuu inataka baraka?"

"Hiyo barabara ya huko ukiiona, Baba, utanipa mara mbili."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na safari hii hakuna aliyesogea nyuma. Mutindi akapiga goti, magoti yakilia maana si msichana tena, akanyoosha kiganja cha kulia. Baba alikishika kwa mikono yake miwili.

"Umejua?" aliuliza.

"Nimejua."

Akatema, kidogo tu, akasema maneno yake kwa Kikamba, taratibu, akimtaja Mungu kwa jina la Ngai, na kazi na macho ya watu wanaongoja majibu. Kisha akamfumba vidole mmoja mmoja.

Mama Kavindu akaingia na beseni, jagi la maji ya moto na sabuni, ili watu wanawe mikono chakula kisipoe. Alianza kwa mzee, akaja kwa binti. Mutindi, ambaye amewafundisha watu maisha yake yote kunawa mikono baada ya kugusa mate ya mtu, aliuficha mkono wa kulia nyuma ya mgongo.

"Mwaitu," alisema, "mimi leo nitakula na kijiko."